Pindo la Bibi Hadija

Siku mliyoniaga, kwa chai, maandazi na hotuba ya mwenyekiti iliyotaka kuwa ndefu kuliko utumishi wangu, Mwajuma alinivuta pembeni akaniomba niandike namna tulivyokuwa tukimalizia pindo la mfarishi kwa mkono. Alisema niandike kabla sijasahau. Nilimjibu kwamba mikono yangu haijasahau kitu, macho ndiyo yaliyoomba kustaafu. Tangu hapo nimekaa nyumbani Mtanda sina la kufanya zaidi ya kumwelekeza mke wangu jinsi ya kupanga vyombo, na ndiye aliyeninunulia kalamu.

Kuhusu vyeo sina la kuandika. Niliingia fundi, nimetoka fundi. Nitakayoandika ni ya ile meza ya dirishani ambayo sasa amekaa Mwajuma, na ya mtu aliyenifundisha kuikalia.

Kwanza mjue kwamba sikuajiriwa kushika sindano. Niliitwa kutengeneza cherehani. Wakati huo chumba kilikuwa na cherehani za kukanyaga kwa miguu, zote mbovu, kila moja kwa namna yake, na kina mama wa kikundi walikuwa wamechoka kugombana nazo. Nilifika asubuhi na mfuko wangu wa vifaa, nikafungua ya kwanza, nikakuta kipuri kilichovunjika hakipatikani Lindi nzima. Ilibidi kiagizwe Dar es Salaam. Nikaanza kukusanya vitu vyangu niondoke. Bi Zuhura, mkubwa wa chumba, akanitazama juu ya miwani.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kungoja kipuri, mama."

"Kingojee hapa. Chumbani kwangu mtu hakai bure, wala haondoki bure."

Akanitilia sindano mkononi. Kipuri kilichelewa sana, na kilipofika nilikuwa nimekwisha kuzoea kiti. Bi Zuhura hakuniambia niondoke, nami sikuuliza. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Kina mama wakaanza kuniita Mjomba, maana mwanamume mmoja akikaa kutwa na wanawake wote wale lazima apewe undugu fulani ili majirani watulie.

Kwa atakayesoma bila kukijua chumba chetu, nieleze kidogo. Kikundi kilipokea nguo kuukuu na mabaki ya mafundi wa sokoni, kanga na vitenge zaidi. Tulikata vipande na kuviunganisha kuwa uso wa mfarishi, katikati tukalaza blanketi lililochakaa, chini tukaweka shuka, kisha tukashona kupita tabaka zote tatu. Mifarishi midogo ilikwenda hospitali kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Kila mwaka tulishona pia mmoja mkubwa, mfarishi wa hisani, ukanadiwa baada ya Idi na kilichopatikana kikaenda kwenye wodi ya watoto hao hao. Watu wa Lindi, walio na joto la kuwatosha mwaka mzima, walikuwa wakishindana kununua kitu cha kujifunikia. Sijapata kulielewa jambo hilo, ila sikulipinga.

Sasa pindo. Ni utepe uliokatwa mshazari, unaozunguka ukingo wote na kuzifunga tabaka zisichungulie nje. Upande wa usoni unashonwa kwa cherehani. Kisha unaukunja kwenda nyuma, na huko nyuma unamalizia kwa mkono, sindano ikipita ndani ya mkunjo ili uzi usionekane. Cherehani ingeweza kuimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa, ikiwa nzima. Bi Zuhura hakutaka hata ilipokuwa nzima. Alisema mtu anapojifunika anashika ukingo, hashiki katikati, kwa hiyo ukingoni ndipo akute kazi ya mkono wa mtu.

Aliyonifundisha ni haya. Uzi uwe mrefu kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko. Ukizidi hapo utajisokota na kukupotezea asubuhi. Uupitishe kwenye nta. Jasho likifanya sindano ikwame, ichome kwenye kipande cha sabuni ya mche, itateleza. Vaa subana, ile kofia ndogo ya chuma ya kidole. Mimi nilikataa kuivaa nikijiona mwanamume, mpaka kidole kilipovimba ndipo nikaiomba kwa adabu. Okota nyuzi mbili tatu tu za kitambaa, usichote kama anayechimba mhogo. Kona usiikimbilie, ikunje, iache ipumzike chini ya kidole gumba, kisha ishone.

Na uzi haukatwi kwa meno. Sheria hii ilikuwa kubwa kuliko zote. Bi Zuhura alivaa mkasi mdogo shingoni kwa utepe, na aliyethubutu kupeleka uzi mdomoni alisikia mkasi huo ukigongwa mezani. Alisema meno ni ya kulia ugali. Pindo langu la kwanza alilifumua lote bila neno, akanirudishia utepe umekunjwa vizuri. La pili vilevile. Siku alipopokea kazi yangu akaiweka kwenye rundo na za wenzangu bila kuifumua, nilielewa kwamba nimesifiwa. Nilitembea kwenda nyumbani nikijiona mrefu.

Nazikumbuka siku zile kwa mapenzi yote. Nakumbuka harufu ya sabuni na ya kanga mpya, redio ya betri iliyosikika vizuri zaidi ikipigwa kofi, kina mama wakisimuliana habari za harusi nilizojifanya sizisikii, na Bi Zuhura akivaa miwani juu ya miwani kutazama mshono. Sikujua kwamba nina furaha. Nilidhani niko kazini tu.

Kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote haikuwa ngumu kwa sindano. Mwaka mmoja, kijana aitwaye Hamadi, mchukuzi wa mizigo pale mjini, alituletea furushi la nguo za kike zilizofuliwa na kukunjwa. Kwetu, mtu akifa nguo zake hukaa sandukuni mpaka arobaini. Siku hiyo mama yake ndiye anayefungua, anachukua ya ukumbusho, nyingine zinagawiwa ndugu, nyingine zinatolewa sadaka. Nyingi za namna hiyo ziliishia kwetu. Na adabu ya chumba ilikuwa moja: anayeleta nguo anashukuriwa, haulizwi ni za nani wala msiba ulikuwa lini. Tukamshukuru Hamadi. Akaenda zake. Kosa lile ni la watu wenye adabu. Wasio nayo wangeuliza.

Ndani ya furushi kulikuwa na kanga nyekundu yenye korosho nyeupe, nzuri mno. Bi Zuhura alikata kipande chake kikubwa akakiweka katikati ya mfarishi wa hisani. Pindo la mfarishi huo nilipewa mimi. Nililishona kwa moyo wote, sikuwa nimewahi kushona vizuri namna ile na sidhani kama nilishona hivyo tena. Idi ilikuwa imekaribia. Nilikuwa nimemaliza pande zote isipokuwa kipande cha upande wa mwisho, pale mama mmoja mtu mzima alipopiga hodi mlangoni na kigunia kichwani.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba." Alitua kigunia, hakukaa. "Natoka Mitole. Naitwa Hadija. Nimeambiwa nguo za mwanangu ziko hapa."

Bi Zuhura akasimama. "Mwanao ni nani, mwenzangu?"

"Asha. Alikuwa mke wa Hamadi. Alifariki akijifungua." Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi njiani. "Arobaini yake ni Ijumaa hii. Nimekuja kufungua sanduku, nimekuta tupu. Mkwe wangu hakuiba, msimdhanie vibaya. Alishindwa kulala chumba kimoja nazo."

Mfarishi ulikuwa mapajani mwangu, na nilitamani ardhi ya chumba kile ifunguke mimi na kazi yangu tuingie. Bibi Hadija aliuona. Alikuja taratibu, akainama, akaweka kidole juu ya kile kipande chekundu, mahali penye doa la kahawia ambalo sisi wote tulidhani ni rangi iliyochuja.

"Hapa alipaunguza na pasi ya mkaa, asubuhi ya harusi yake," alisema. "Nilimgombeza. Siku ya harusi yake, nikamgombeza kwa ajili ya kanga."

Kisha akajinyoosha. "Nataka kanga ya mwanangu."

"Ni haki yako," alisema Bi Zuhura. Akanigeukia. "Salumu, fumua."

Hakuwa na kawaida ya kuniita jina. Kukitoa kipande cha katikati ilikuwa lazima nifumue pindo, nifumue mishono inayopita tabaka, nifumue maungio. Maana yake mwaka huo hakuna mfarishi wa hisani, na kazi ya mikono ya kila mtu mle chumbani inarudi kuwa rundo la vitambaa. Bi Zuhura alilijua hilo kuliko mimi. Nikachukua kisu kidogo cha kufumulia, nikaanzia upande wa mwisho, ule niliokuwa nikiushona asubuhi ile ile. Nilikuwa na uchungu, na sikujua kama ni wa yule mama au wa pindo langu.

Bibi Hadija akakubali kukaa mkekani, chai akaikataa. Alinitazama.

"Mbona polepole hivyo?"

"Nisije nikaichana, mama."

Akauvuta mfarishi kwa upande wake, akaanza kunisaidia. Alikuwa na vidole vya mkulima, vinene, lakini havikuchana kitu. Tulifumua hivyo, yeye huku, mimi kule. Upande ule ulipokuwa umeachia karibu wote, akasita. Akainua ukingo wa upande mwingine, ambao hatujaugusa, akauweka karibu na macho.

"Huu umeshona kwa mkono?"

"Kwa mkono, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Ulikuwa unamshonea nani?"

Kumtajia mnada niliona haya. Bi Zuhura ndiye aliyesema: mfarishi ulikuwa wa kunadiwa, na kitakachopatikana kingekwenda kwenye wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

"Mjukuu wangu yumo humo," alisema Bibi Hadija. "Zainabu. Mdogo, unamshika unaogopa. Amefunikwa shuka tu. Manesi wanasema kuna vifarishi huwa vinakuja."

"Vinatoka hapa," alisema Bi Zuhura. "Vimekwisha. Tuliviacha tukashika huu mkubwa."

Bibi Hadija alilaza kiganja juu ya doa la pasi. Nilisikia mtu nyuma yangu akilia kwa kujificha. Nami nilikuwa karibu.

"Mwanangu hakuwahi kumbeba," alisema. "Hakumwona hata uso." Kisha akanishika mkono wenye kisu. "Acha, baba. Usifumue tena."

"Kanga ni yako, mwenzangu," alisema Bi Zuhura. "Usituonee haya kwa sababu ya mnada."

"Siwaonei haya. Nikiirudisha Mitole itakaa sandukuni, nami nitakaa naitazama. Huyu mtoto atafunikwa na nini?" Aliuvuta mfarishi wote mapajani mwake. "Ila mjue hamnipi sadaka. Nguo ni ya mwanangu, na hapa palipofumuliwa nitashona mwenyewe."

Nikampa sindano yenye uzi. Aliutazama uzi, akaupima kwa vidole, akanirudishia.

"Huu mwembamba. Utakatika."

Akakivuta kigunia chake. Kilikuwa na mbaazi alizowaletea wanaomtazama mtoto, na mdomo wake ulishonwa kwa uzi wa nailoni, ule wa kushonea magunia ya korosho. Akaufumua, uzi wote ukatoka mzima. Sindano zetu zote ziliukataa. Ndipo nilipokumbuka mfuko wangu wa vifaa, nikamtolea ile sindano nene niliyokuwa nikishonea mikanda ya ngozi ya cherehani. Ikaukubali.

Akashona. Alikunja utepe vizuri, hilo sikatai, lakini mishono yake ilikuwa mirefu kama punje za mahindi, imelala juu kabisa ya kitambaa, kila mtu anaiona. Nilikaa kando nikiteseka kama fundi, na nikimheshimu kama mtoto wa watu. Alipofika mwisho alipiga fundo, akainamisha kichwa, akakata uzi kwa meno.

Chumba kizima kilimgeukia Bi Zuhura. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuushika mkasi. Ukabaki hapo hapo kifuani, haukugonga kitu.

"Umekaza, mwenzangu?" aliuliza.

"Umekaza."

Bibi Hadija alipokwenda kumwita Hamadi aje kuubeba, nilimnong'oneza Bi Zuhura kwamba kuna nafasi, naweza kuurudia upande ule haraka ukafanana na mingine.

"Ukiugusa upande ule, Mjomba," alisema, "hesabu kipuri chako kimefika."

Mwaka huo kwenye mnada Bi Zuhura alisimama mbele ya watu akawaambia mfarishi umepata mwenyewe, hakueleza zaidi. Wapo walionung'unika. Akanadi mkeka wake mwenyewe wa ukindu, aliokuwa ameukalia, na mimi nikabeba kiti kutoka chumbani akakaa.

Na tangu siku hiyo ndipo tulipoanza ule utaratibu ambao wengi wenu mmeukuta bila kujua ulikotoka: kila kifarishi cha hospitali tunakiacha wazi kiganja kimoja cha pindo, na sindano yenye uzi imechomekwa pale, ili watu wa mtoto wamalizie wenyewe. Najua baadhi yenu mlidhani ni uvivu wa Mjomba. Mmoja aliwahi kunizibia yote kwa kunihurumia. Mimi nimeona kina baba wakijichoma vidole pale, nimeona bibi mmoja kutoka Songo Mnara akishona fundo la nyavu, na hakuna hata mmoja aliyebeba kile kifarishi kama kitu cha kupewa. Sindano ile nene iko kwenye droo ya kushoto, ndani ya kipande cha sabuni. Msiitupe, hata kama hamna tena cherehani ya mkanda.

Bi Zuhura alipofariki mkasi wake uliletwa kwangu. Nimeuvaa miaka yote hii, na nimeugonga mezani vya kutosha. Mwajuma ni shahidi.

Sasa niwaeleze ya wiki yangu ya mwisho, maana wengi wenu mlikuwa mnahangaika na maandazi. Aliingia binti mrefu, mjamzito, na mfuko begani. Alinipa shikamoo, akatoa mfarishi akautandaza mezani. Niliijua ile kanga kabla haijafunguka yote. Nyekundu ilikuwa imekwisha kuwa ya waridi, korosho zimebaki vivuli, ila doa la pasi lilikuwa palepale.

"Wewe ni Zainabu," nilisema.

"Ndiyo, babu. Bibi aliniambia nikikukuta uko hai nikusalimie."

Bibi Hadija alikuwa ametutoka msimu wa korosho uliopita. Nilimpa pole, akaipokea. Alisema amelala na mfarishi ule tangu hospitali, Mitole na mpaka kuolewa, na sasa anataka amfunikie mwanawe, lakini pindo limekwisha. Nikavaa miwani nikatazama. Lilikuwa limekwisha kweli. Mishono yangu ile mizuri kuliko yote ilikuwa imekatika pande zote nilizoshona, utepe umening'inia. Upande mmoja tu ndio uliokuwa umeshika. Uzi wa nailoni, mishono mirefu, haukulegea hata mmoja.

"Bibi alisema la fundi litaisha kabla ya lake," alisema Zainabu.

Nilicheka mpaka Mwajuma akaja kuangalia. Kisha nikalia kidogo, ni vema niseme, maana Mwajuma aliona.

Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho chumbani. Mwajuma alinitungia uzi kila ulipokwisha, kwa kuwa tundu la sindano silioni tena. Upande wa Bibi Hadija sikuugusa. Nilibadilisha pande nyingine zote, na mwishoni nikaacha kiganja kimoja wazi, pale pindo langu linapokutana na lake.

Zainabu alipokuja kuuchukua nilimwonyesha pale, nikamwambia ni pake. Hakushangaa. Alifungua pochi akatoa gunzi la mhindi lililoviringishiwa uzi wa nailoni. Ulikuwa ule ule uliobaki siku ile. Bibi yake aliuweka miaka yote. Nikafungua droo ya kushoto nikampa sindano nene.

"Nashonaje, babu?"

"Shona unavyojua."

Alishona. Mishono yake ilikuwa mirefu kama punje za mahindi, imelala juu kabisa ya kitambaa. Alipokaribia mwisho nilianza kuuvua mkasi shingoni nimpe, lakini alikuwa amekwisha kupiga fundo na kuinamisha kichwa, na uzi ukakatika kati ya meno yake. Mwajuma alinitazama. Niliufunga mkasi, nikauacha uning'inie.